Namba Zilizo Chini ya Vistari

Mwone keshia huyu anavyoingia dukani Utemini, anafuta mashine kwa pindo la khanga, anakaa kaunta. Mashine ikikataa kusoma vistari vyeusi vya bidhaa, huzitaja taratibu namba zilizochapwa chini yake huku akizibonyeza.

Juzi Mama Zabibu alileta mafuta yake ya alizeti, lebo mpya. Mashine ikakataa.

“Shikamoo mama. Namba ziko wapi?”

“Marahaba. Mchapaji kazitoa, mwanangu. Eti zinaharibu urembo.”

“Mzigo urudi,” akasema mwenye duka.

Keshia akafumba macho, akabonyeza namba zote kumi na tatu toka kichwani. Mashine ikalia, ikakubali. Kisha akaziandika kwenye karatasi.

“Mpelekee mchapaji. Kuna siku sitakuja.”

Ndugu yangu, hivi namba za wangapi wengine anazo kichwani?