Kimashine cha Kahawa Kilipogoma Mbele ya Baba Mdogo

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nusura nirudishwe kuchunga ng'ombe. Usicheke eti naongea kama mzee na ndevu zenyewe bado zinahesabika. Hapa kijiweni nimekutangulia, kaa usikilize.

Nilikuwa nauza kahawa karibu na machimbo, huku Geita. Nasaga mwenyewe, natia na tangawizi humohumo kwenye kimashine, wachimbaji wanakunywa kabla ya kushuka shimoni. Kimashine changu kilikuwa cha mkono, cha bei chee, unazungusha mpaka bega linakuuliza limekukosea nini. Asubuhi hiyo kikakwama kabisa, na wateja wameshakaa kwenye benchi.

Na katikati yao baba mdogo, katoka kijijini kwetu Samuye kuja kukagua. Tulikubaliana: akikuta biashara ipo kweli, ananiacha. Akikuta maigizo, narudi naye kwenye ng'ombe.

"Shikamoo baba mdogo. Kahawa inakuja."

"Marahaba. Inatokea wapi, Bukoba?"

Benchi zima likacheka. Jamaa mmoja wa karasha, ile mashine ya kuponda mawe, akainuka na nyundo yake. "Dogo, hiyo dawa yake kugonga. Letu likigoma tunalitwanga."

"Kaka, lenu mnalilisha mawe. Weka nyundo chini."

"Basi tupa," akasema baba mdogo. "Vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Funga virago, twende."

"Baba, heshima yako naijua, ila siendi. Hujanywa bado."

Nikaacha kulazimisha. Nikazungusha mkono wa kimashine kinyumenyume, ukalegea. Nikamwaga punje zote, nikafungua nati, nikatoa meno ya kusagia. Nyuzi za tangawizi zimejiviringisha humo kama nywele kwenye chanuo, zimegandana na unga wenye mafuta, maana kahawa nilikuwa naikaanga mpaka inang'aa. Nikasugua kwa mswaki mkavu, maji sikugusa. Nikarudishia, nati nikailegeza kidogo isianze kusaga laini sana, nikatia punje chache chache. Tangawizi nikaitwanga pembeni.

Kikazunguka. Yule wa karasha akarudi kukaa.

Baba mdogo akanywa kahawa yote, halafu akaninyooshea kikombe. "Ongeza." Akawageukia wachimbaji. "Mnanitazama nini? Ng'ombe atawachunga mdogo wake."

Basi, mwanangu, kitu chako kikigoma usikipige, wala usikitupe kwa kuwaonea aibu wanaokutazama. Tulia, kifungue, angalia wewe mwenyewe umekilisha nini. Na mkubwa akija kukuambia ufunge virago, mpe shikamoo yake, mpe na kiti, ila mkono usiutoe kwenye kazi mpaka uione mwisho wake.

Haya, nenda. Mungu akupe wateja wenye kiu na asubuhi zenye baridi.