Zulia Juu ya Mayai ya Chekeamwezi

Mwezi wa Mei, kusi likishaingia, ndege sululu huwa washahama ufuo wetu wa Tudor kwenda kutagia Ulaya. Anayebaki ni chekeamwezi, ndege wa usiku, mwenye miguu mirefu na macho makubwa, asiyejihangaisha kujenga kiota. Hutaga mayai mawili mchangani, rangi ya mchanga wenyewe, akitumaini watu watatazama wanapokanyaga. Kwa watu wa mtaa wetu, huko ni kujidanganya.

Mayai yale niliyaona nyuma ya mikoko, mahali pa juu pasipofika maji. Wiki mbili nilipita kila asubuhi kumtazama jike akiatamia, dume kasimama kando. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kamati yetu ya mazingira, ambayo kazi yake kubwa ni kushona fulana za sare? Niliwadharau, na sioni haya kusema.

Jumamosi moja kamati ikaalika mheshimiwa aje kupanda mikoko. Mikoko hupandwa topeni, lakini mheshimiwa alikuja na viatu vya ngozi, basi wakamtafutia pakavu. Mimi nilichelewa makusudi nisisikie hotuba. Nilipofika, zulia jekundu limeshatandikwa mchangani, juu yake kiti, na juu ya kiti mheshimiwa. Chekeamwezi wawili walikuwa wakikimbia huku na huko wakilia mchana kweupe, watu wanawacheka.

Nikamnong'oneza mwenyekiti kwamba chini ya zulia pana mayai, nayajua tangu wiki mbili.

"Mwalimu, mgeni ashaketi," akanijibu. "Twamwinuaje?"

Mji wetu huu mgeni akishaketi hainuliwi, hata nyumba ikiwaka moto. Ujinga mtupu. Ningeweza kumwendea mwenyewe nikamwomba radhi asogee. Badala yake nilimpa mkono, nikamuuliza hali ya watu wa nyumbani kwake, kisha nikaketi nilipoonyeshwa nikala kaimati.

Alipokwenda zake, vijiti vyake vya mikoko vikabaki vimesimama mchangani vikingoja kukauka. Zulia likakunjwa. Upande wa chini ulikuwa umelowa manjano, vipande vya maganda vimenata. Nilidhani mwenyekiti atalalamikia zulia, maana lilikuwa la kuazima. Alichutama akavibandua kimoja kimoja kwa ukucha, akaviweka kiganjani.

"Wiki mbili wayajua, mwalimu," akasema taratibu. "Mbona hukutwambia?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu: kwamba sikumwona kuwa mtu wa kuambiwa.