Msimu Ambao Kivuko Kiliacha Kuitika

Tope la Mto Tana lina harufu ya majani mabichi na samaki. Nikiivuta, narudi kivukoni Kulesa, nina miaka minane, nasikiliza watu wakiita mtumbwi. Mashamba yetu ya mpunga yalikuwa ng'ambo, na kila nyumba ilikuwa na mwito wake. Wetu ulianza chini, ukapanda taratibu, kisha ukakatika. Komora, mwenye mtumbwi, alishinda ukingoni akisuka mitego ya samaki, na alizitambua sauti zote bila kuinua macho. Akisinzia, waliokuwa wakifua nguo walimwamsha.

Kisha Komora akanunua simu, ya kwanza kijijini. Walimcheka, wakamuuliza kama anawapigia simu viboko wa mtoni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mwalimu alinunua ya pili, wachuuzi wa mchele wakafuata, na kila aliyenunua alimpa jirani yake sababu ya kununua. Mpunga ulipoanza kuiva, kila nyumba ilikuwa na simu. Nyanya yangu peke yake ndiye aliyekataa. Alisema koo alilopewa na Mungu haliishiwi chaji.

Sote tulidhani kwamba asiyenunua atabaki tu alipokuwa. Kumbe Komora sasa alingoja simu akiwa shambani kwake, mbali na maji. Jioni moja Nyanya aliita kutoka ng'ambo mpaka jua likazama, mamba wakielea kama magogo mbele yake. Nyumbani tulidhani amelala kwa jamaa. Alilala shambani kwenye dungu, jukwaa la kufukuzia ndege, na Komora alimkuta asubuhi, sauti imemkauka.

"Mama, si ungenunua simu tu, unipigie?" Komora alimuuliza.

"Nilikuita, mwanangu, palepale ninapokuita siku zote. Ni wewe uliyehama."

Wiki hiyo aliuza kuku watatu akanunua simu. Hakuipenda hata siku moja.

Sasa nina shahada na nakaa Garsen nikitafuta kazi. Wenzangu wakihamia mtandao mpya, nami nahamia, kisha nawaza siku nzima kama nimechagua au nimeogopa. Majuzi tulialikana harusi ya mwenzetu katika kundi letu la mtandaoni. Dhadho wa Nanighi, niliyekaa naye dawati moja miaka minne, ana kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyoingia mtandaoni. Hakuja. Niliwauliza wenzangu kwa nini hakuna aliyempigia, na kila mmoja alidhani mwingine amempigia. Nami nilidhani hivyo hivyo.