Kiko Alichokilainisha Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa vanishi hapo Bondeni, na sheria yake ilikuwa moja: kitu hakijaisha mpaka kidole kiteleze. Vitanda, makabati, milango mizito ya Mji wa Kale, vyote alifumba macho akavipapasa kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Kidole kikikwama, hata kama mteja kasimama na mkokoteni unamngoja, kazi ilirudi kwenye msasa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi chini yake, na sheria ile ilinichosha roho.

Miaka ile ya tisini ukungu ulikuwa umemwingia machoni. Yeye hakusema. Mama hakusema. Mimi nilimwona akimimina chai nje ya kikombe, nikafuta meza, nikanyamaza. Kwetu, kumwambia mzazi "huoni" ni kama kumvua nguo mbele ya watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tulikuwa tukimfichia hata yeye mwenyewe.

Asubuhi moja akaja mzee wa bara aliyestaafu kazi bandarini, mtu mkubwa wa mwili na mpole. Alileta viko viwili vya kuvutia tumbaku. Kimoja kilikuwa laini, rangi ya asali, na vanishi yake imechujuka. Hicho alitaka king'arishwe. Cha pili kilikuwa cheusi, kibaya cha kushika, na kilicholegea ni mdomo wake tu.

"Hiki kimeliwa na mchwa," nikamwambia.

Akacheka. "Njoo nacho dirishani. Usikitazame kwa mbele, kitazame kwa ubavu."

Nikakiinamisha kwenye mwanga. Lo! Kichwa chote cha kile kiko kilikuwa kimezungukwa na mistari, mmoja juu ya mwingine, myembamba, na katikati yake mabonde madogo, kama mgongo wa kombe. Mzee akanieleza kwamba ule ni mzizi wa kichaka kigumu cha vilima vya mawe huko Ulaya ya kusini, kinachokua polepole mno. Fundi wa viko huupulizia mzizi huo mchanga kwa upepo wa mashine, vile vile wanavyokwangua kutu ya meli bandarini, ila kwa mkono mwepesi. Mchanga hula palipo laini, ukapaacha palipo pagumu.

"Hakuna mstari hata mmoja uliochongwa hapa," akasema. "Yote ilikuwamo ndani. Fundi kaitoa tu, na angezidisha kidogo angeiua." Alikuwa nacho miaka thelathini. Akiwa na wasiwasi, alisema, hukipapasa tu bila hata kukiwasha.

Wallahi nilikipenda. Mimi niliyelelewa kwa msasa, sikujua kama kuna mkwaruzo unaoweza kuwa mzuri hivi.

Akaaga, akasema atarudi baada ya alasiri. Mdomo nikaukaza mara moja, nikaviweka viko vyote viwili juu ya meza ya kazi. Kumbe spiriti ya kuchanganyia vanishi imetuishia. Nikiwa tayari mlangoni, nikamwita Baba aliyekuwa uani.

"Baba, hicho cha asali kipitishie msasa mwepesi. Cheusi usikiguse, kimeshaisha."

"Haya."

Niseme hapa hapa, nisije nikajipendekeza: nilijua. Nilijua kwake asali na nyeusi ni kivuli kimoja. Ningeweza kumtia viko mkononi nikamwambia, hiki kipige msasa, hiki kiache. Lakini kufanya hivyo ni kukiri kwamba haoni, nami nilikuwa na adabu zangu. Nikamtajia rangi, nikaenda zangu Makupa kununua spiriti.

Niliporudi, niliusikia msasa kabla sijaingia. Baba alikuwa akitabasamu, vumbi la mti limejaa kwenye kikoi alichovaa.

"Nani kakifanyia ukatili huu? Mashimo matupu! Nimemaliza ubavu mmoja. Hebu kishike, kinateleza."

Bila shaka alivipapasa vyote viwili, na kidole chake kikachagua chenye taabu. Nusu ya kichwa ilikuwa imebaki nyeupe, tupu kama yai. Mistari hakuna. Nikakitoa mkononi mwake.

"Pumzika, Baba. Namalizia mimi."

Alasiri ikaadhiniwa. Nilisali, na hata leo sijui nilisoma sura gani. Kiko hakikunitisha, kiko ni kitu cha kununuliwa. Kilichonitisha ni mzee yule kufoka mbele ya Baba. Baba angejua kwamba ameharibu kazi kwa sababu haoni, na asingeshika mbao tena. Namjua. Mtu wa kukaa barazani akihesabu wapita njia hakuwa, tungemzika kabla ya mwaka. Kila nikisikia kishindo cha viatu pale nje, nilichungulia.

"Hodi!"

Nikaruka nje na kiko mkononi kumwahi mzee wa bara. Alikipokea, na gumba lake likaenda lenyewe mahali pake. Likateleza. Uso ukambadilika.

"Ni mimi," nikasema upesi, kwa sauti ya chini. "Nimekosa, mzee wangu. Nilisahau."

"Wewe? Niliyekusimamisha dirishani leo asubuhi?" Sauti ikaanza kupanda. "Ukasahau? Kijana, usinifanye mtoto!"

"Taratibu, mzee, nakuomba..."

"Mwanangu hakukigusa." Baba alikuwa mlangoni, ameshika mwimo. "Ni mimi. Macho yangu hayaoni, bwana. Tangu Ramadhani ya mwaka juzi hayaoni."

Maneno ambayo hakuwahi kumwambia mama wala mimi, akayasema kwa mtu wa mbali, mchana, watu wakipita njiani. Nilitamani ardhi inimeze.

Hasira ikamtoka mzee wa bara. Hakusema pole. Aliushika mkono wa Baba, akamtilia kiko, akakigeuza upande uliosalia.

"Papasa hapa, fundi. Polepole. Usitafute ulaini."

Gumba la Baba likapanda mstari wa kwanza, likashuka bondeni, likapanda wa pili. Likarudi mwanzo. Likaanza tena.

"Lahaula," akasema. "Hii ni kazi. Nimevunja kazi ya fundi mwenzangu."

"Nitakivuta hivyo hivyo," mzee akajibu.

Baba hakumsikiliza. Akanigeukia mimi, au pale alipodhani nimesimama.

"Mimi sikuona," akasema. "Wewe ulikuwa unaona."