Kibuyu cha Wariara

Ukitaka kukosana na Chepkemboi, mwambie akanunue kibuyu Marigat, kule kwenye joto. Mimi nilimwambia, kwa sababu ni jirani yangu na nimechoka kumwona akipigana na baridi ya Elburgon. Huku ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau asubuhi na kurudi kabla nguo hazijakauka kwenye kamba. Viazi vinapenda hali hiyo, kabeji pia. Kibuyu ni mmea wa jua, na kila mtu anajua hivyo isipokuwa huyu mama.

"Ya kununua ni chombo tu, Mama Njuguna," alinijibu. "Ya mtu wa nyumba inapandwa nyumbani."

Mtu wa nyumba ni Wariara, mke wa mwanawe Kimaiyo. Chepkemboi ana kibuyu kimoja cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao, alichopewa na mama mkwe wake. Kimepasuka shingoni kikashonwa, na hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kukigusa. Anakisafisha mwenyewe, anakisugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, anamimina maziwa na kuyaacha mpaka yachachuke na kuwa na rangi ya majivu. Anasema kabla ya kupewa kibuyu hicho alikuwa mgeni anayepika, na baada ya kupewa akawa mwenye boma. Basi alitaka Wariara naye apate chake, kilichokua kwenye udongo wa nyumba hii, akabidhiwe mkononi. Na hakutaka ajue mapema, kwa sababu eti zawadi ikitangazwa inageuka ahadi, na ahadi huoza.

Kilichooza kwanza kilikuwa mbegu. Dada yake alimletea kutoka Marigat, akazipanda, baridi ikazimaliza ardhini. Mwaka uliofuata mche ulifika kiunoni, mvua ya mawe ikaufyeka. Mwaka huu aliupanda nyuma ya jikoni, pale ambapo moto wa kuni hupasha ukuta wa mabanzi joto, na kila jioni akaufunika kwa gunia. Maua ya kibuyu ni meupe, hufunguka jua likizama, na wadudu wa kuyazungukia kwenye baridi hii hawaonekani. Basi mama mzima, mjukuu mgongoni, alikuwa akisimama pale na unyoya wa kuku akipaka ua hili kwa lile. Kikashika kibuyu kimoja. Akakivika soksi kuukuu ya mumewe na kukifunga kwenye banzi ili kisivunje shina.

"Mwambie huyo msichana," nikamwambia. "Anapita hapo na ndoo kila siku."

"Atajua ikikauka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Alivuta gunia akafunika mmea. Chepkemboi akinyamaza hata ng'ombe wake wanajua mazungumzo yamekwisha. Nilienda zangu nikiwa na hasira, maana mtu anayeficha jambo jema kwa uso wa kukasirika asilaumu watu wakiona uso tu.

Wariara si mjinga, hilo mlijue. Amezaliwa Gilgil, baba yake anachoma nyama pale Kikopey, na kwetu sisi Wakikuyu majani ya malenge hayaachwi yakazeeka. Yanatolewa nyuzi, yanachemshwa, yanapondwa pamoja na viazi na mahindi mpaka mukimo uwe kijani. Na jani la kibuyu, ukiwa na haraka, ni la malenge kabisa. Ua ndilo lingemwambia, kwa sababu la malenge ni la manjano, lakini maua yalikuwa yameshaanguka, na tunda lenyewe lilikuwa limevalishwa soksi.

Jumamosi hiyo Chepkemboi alienda Njoro kutafuta vijiti vya senetwet. Kibuyu kilikuwa kimeanza kukaza ngozi, naye alitaka makaa yawe tayari. Huku nyuma akaja Mama Sue, mamake Wariara, ambaye alikuwa hajakanyaga boma hili tangu harusi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Wariara akachukua beseni na kisu, akazunguka nyuma ya jikoni.

Niliitwa kula. Chepkemboi alifika chakula kikiwa mezani, akaweka fungu lake la vijiti pembeni, akamsalimia mgeni kwa mikono miwili, akanawa, akakaa. Kimaiyo akaomba. Tukaanza.

Mukimo ulikuwa mchungu. Si mchungu wa mboga ya managu ambao mtu anauzoea. Huu ulikaa kwenye ulimi ukakataa kushuka. Mama Sue alitafuna polepole akitazama sahani. Kimaiyo akavuta glasi ya maji.

"Sijui imekuwa chungu aje," Wariara akasema, uso umemwiva. "Na nimeosha vizuri."

"Majani umetoa wapi?" Chepkemboi akauliza.

"Kwa hiyo malenge yako ya nyuma, Mama. Hata nimekata hiyo moja yenye ilikuwa imeshika. Ilikuwa ngumu, kisu imekataa, nikatumia panga. Iko kwa supu."

Chepkemboi aliinuka akatoka. Aliporudi alikuwa na soksi mkononi, na sijawahi kumwona akiwa mzee vile.

"Hiyo haikuwa malenge," alisema. "Ilikuwa kibuyu."

"Woi, Mama, pole." Wariara aliweka mwiko chini. "Kimaiyo atakuletea ingine Marigat. Si huko ziko nyingi?"

Nilitazama dirisha. Laiti ardhi ya Elburgon ingeweza kummeza mtu, ningeomba zamu.

"Ilikuwa yako," Chepkemboi akasema.

"Yangu aje?"

"Ya mursik. Ukuwe na yako. Nimeipanda mpaka nikachoka, ndio ukuwe na yako."

Nilidhani Wariara atalia, lakini alikasirika, na hakukosea.

"Na si ungesema? Mimi nikisogea karibu na hiyo kibuyu yako unaniambia niache. Nikiuliza mursik inatengenezwa aje, unaniambia niende niangalie mtoto. Nilijua hunitaki kwa hii boma."

"Nani amesema sikutaki?"

"Hakuna mtu amesema, Mama. Hakuna mtu husema kitu hapa." Akaelekeza kidevu kwa mama yake. "Mum hajakuja kutembea. Mimi ndio nilimpigia. Nilimwambia akuje anichukue."

Mama Sue hakuinua macho. Ndipo nikaliona begi kubwa nyuma ya kiti chake, na blanketi la mtoto limekunjwa juu yake.

Kimaiyo alimwangalia mkewe, kisha mamake. Ilionekana naye anasikia sasa hivi kama sisi.

Chepkemboi alikuwa bado amesimama. Najua alikuwa na mengi ya kusema, na najua mdomo wake ni mzito kuliko jiwe la kusagia. Alikaa karibu na Wariara, mahali ambapo huwa hakai.

"Mbegu zingine ziko," alisema. "Mwezi wa tatu tupande. Mimi na wewe."

Wariara alimtazama mama yake, kisha lile begi nyuma ya kiti.