Kifua Kilichodanganya Kijiji

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu Kanyangi, dalili ya mvua ilikuwa kifua changu.

Nina pumu tangu utotoni. Kila Oktoba hewa ikibadilika, kifua huanza kupiga filimbi, na mama aligundua zamani kwamba kikishaanza, wiki haiishi kabla mvua haijafika. Hata nilipohamia Kitui mjini kikazi, aliendelea kunipigia simu, bila hata salamu. "Hebu pumua," ananiambia. Akisikia filimbi, anakata simu na kwenda kupanda ndengu kwenye udongo mkavu, ili mvua izikute ardhini. Majirani wakimwona na jembe, nao wanapanda. Nilikuwa mtabiri wa hali ya hewa asiye na mshahara, na nakiri nilianza kuringa.

Mwaka juzi nilihamia nyumba mpya mjini. Dirishani palikuwa na mti wa maua ya manjano, mazuri ajabu. Nikakata matawi nikayatia kwenye jagi kando ya kitanda. Baada ya siku tatu kifua kilikuwa kinalia kama birika. Mama akapiga.

"Hebu pumua."

Nikapumua.

"Aiya! Hii ni ya mafuriko!"

Akapanda mbegu zote alizokuwa nazo. Kijiji kizima kikamfuata.

Kliniki, daktari aliniuliza nimebadilisha nini nyumbani. Nilipomtajia maua, akavua miwani. "Unalala na chavua puani halafu unashangaa?" Akaniandikia inhela ya kuvuta asubuhi na jioni, hata nikijisikia mzima. Nilitoka pale nikitokwa na jasho, wala si la ugonjwa. Mbegu za mama zilikuwa ardhini, na angani hapakuwa na wingu hata la dawa.

Nikampigia. "Mama, haikuwa mvua. Ilikuwa maua."

"Kanga wameingia kwa shamba," akasema. "Kuja ufukuze."

Nikaomba ruhusa kazini. Siku tisa nilizunguka nikipiga debe, inhela nikiivuta asubuhi na jioni, kanga wakinitazama kwa dharau na kindi wakifukua mbegu nyuma yangu. Majirani, kila mmoja na debe lake, walinisalimia, "Mtabiri, mafuriko yamefika wapi?" Nilicheka nao, lakini niliogopa kweli. Mbegu zile zikiliwa, mama hakuwa na zingine.

Siku ya kumi, mchana, mvua ikanyesha bila kumwarifu mtu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akatoka nyumbani mbio, nikadhani anakimbilia mistari yake ya ndengu, ile ambayo kanga walikuwa wametuachia kama nusu. Akaipita. Akanigeuza, akabandika sikio mgongoni kwangu, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo kila mvua ya kwanza iliponibana. Alisikiliza mpaka nikaona haya.

"Hakuna kitu," akasema, akanikumbatia. "Hakuna hata filimbi!"

Jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Sasa mwaka ujao tutapanda lini?"

"Mtaangalia mawingu," mama akamjibu, bado amenishika, "kama watu wengine."