Nyumba ya Juu ya Gema

Siku ya kwanza kazini sikupewa ufagio wala ufunguo. Madam, mwenye nyumba, alinipa kamba yenye mafundo, kila baada ya yadi moja fundo, akanipeleka nyuma ya jikoni. Pale ardhi ilikatika ghafla, na chini yake ufuko na bahari ya Uingereza, rangi ya maji ya kufulia. Ukingo kama huo ndio gema. Akaniambia nipime kutoka ukutani hadi nyasi zinapoishia. Nikapima: yadi arobaini. Nikarudi kifua mbele.

"Hicho ni kipimo cha mvivu," akasema. "Sasa shuka ufukweni ulitazame gema kwa chini."

Nyinyi mnaokuja kununua nguo hapa Zhanqian, soko la Wachina, mnanitania, "Mzee alikuwa boi wa Mzungu." Sawa. Niliacha shule darasa la tatu, Tanga, nikawa baharia, nikashuka melini kule Uingereza na sikurudi. Lakini nyumba ile ya vyumba ishirini na viwili niliishika kwa mikono hii miaka ishirini na minane. Nani kati yenu ameshika kitu miaka ishirini na minane?

Kule chini niliona alichotaka nione. Mawimbi hula udongo wa chini, nyasi za juu zikabaki zinaning'inia, kijani kibichi, hazina kitu chini yake. Nafasi hiyo tuliiita uvungu, na ukiwa juu huioni. Basi kila tarehe mosi nilipima juu, nikashuka ngazi ya mbao yenye vidato mia na kumi, nikapima uvungu kwa ufito, nikautoa kwenye kipimo cha juu. Kinachobaki ndicho kipimo. Mengine mtu yeyote anajifunza. Kuta tulipaka chokaa iliyolowekwa majira yote ya baridi, maana saruji hufungia unyevu ndani na ukuta unaoza. Vioo tulivishika kwa puti, unga wa chaki na mafuta ya kitani. Chumvi ikiikausha, unakwangua unaanza upya.

Madam alikuwa wa mwisho wa ukoo wake. Babu wa babu yake, mfanyabiashara wa sukari, aliijenga nyumba wakati kutoka mlangoni hadi ukingoni mtu alimaliza sigara nzima. Vita ikaigeuza hospitali. Askari walikwaruza majina yao kwenye mbao za ghala, na wengi wao hawakutoka kwa miguu. Bahari ikachukua banda la farasi, kisha bustani ya waridi, kisha makaburi ya mbwa. Madam alifia kitandani, dirisha wazi. Mpwa wake akauza nyumba bila kuja kuitazama.

Aliyenunua ni Laoban, bosi wa nguo za jumla wa mtaa wa Guangyuan Xilu, huku huku kwa Wachina. Mama yake alisumbuliwa na kifua, na daktari alimwambia ahamie penye hewa ya bahari. "Wewe unaijua nyumba," aliniambia. "Mama yangu yuko mikononi mwako." Mama hakujua Kiingereza, na mimi sikujua Kikantoni. Alilima mboga nyuma ya jikoni, upande wa jua. Chakula kikiiva alipiga sufuria na kuita, "Sik faan!", yaani njoo tule. Nikishika vijiti alicheka mpaka akakohoa. Miaka minne tulikula meza moja.

Mwaka wa nne goti langu lilikwisha. Ngazi ikanishinda. Nikawa napima juu tu, na uvungu nakisia kwa mazoea. Sikumwambia mtu. Siku moja akaja kijana mpima ardhi, ana mashine begani.

"Hapo penye mboga pamekwisha," akasema. "Mwondoe yule mama."

"Wewe umezaliwa lini?"

"Hilo silo. Umeshuka chini lini mara ya mwisho?"

Nilimfukuza kama kuku. Yadi kumi na moja, nilimwambia, nimepima mwenyewe.

Wiki ya pili yake, asubuhi ya jua, nilikuwa napaka puti dirisha la sebule. Nikasikia kishindo kidogo tu, kama robota linalotupwa kutoka kwenye lori. Nikazunguka nyuma. Mboga hazikuwepo. Maji yalipokupwa, alasiri, tukampata mama.

Nyumba ilifungwa, ikabomolewa. Majivu ya mama niliyaleta mwenyewe hadi uwanja wa ndege wa Baiyun, nimeyapakata safari nzima. Laoban aliinama mbele yangu pale uwanjani, watu wanatukwepa na masanduku yao. "Bahari haina huruma," akasema. "Wewe ulimtunza." Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikanyamaza. Akanipa kazi stoo kwake, kusimamia wapagazi, na chumba juu yake. Kila mwezi wa nne, familia ilipokwenda kufagia makaburi ya wazee wao, kama desturi ya huku, nilisimama nao, nikipewa ubani wa kwanza. Wajukuu wakaniita babu.

Ilikuwa hivyo miaka tisa. Mwaka jana nikastaafu. Laoban akaandaa chakula, akawaambia vijana wa stoo, "Mtazameni huyu mzee. Hakuna kazi aliyoifanya nusu." Wageni walipoondoka nikamweleza yote kwa Kichina changu cha sokoni: uvungu, goti, kijana niliyemfukuza.

Akauliza, "Goti lipi?"

"La kulia."

Alilitazama kwa muda mrefu. Akachukua koti lake, akatoka.

Hajanifukuza. Chumba ni kilekile, na mchele unaletwa. Mnaniuliza kazi imenifunza nini. Imenifunza kwamba mtu anaweza kuwa fundi kweli miaka ishirini na saba, na mwaka mmoja ukatosha kuyafuta yote. Ukichoka, sema umechoka, hata kama mdomo unakataa. Mimi sikuweza. Niliona aibu mbele ya kijana mwenye mashine.

Mwezi wa nne mwaka huu nilinyoa ndevu, nikavaa viatu, nikakaa kitandani kusubiri waniite. Gari la familia lilisimama stoo kuchukua karatasi za kuchomea wafu makaburini, kama kila mwaka. Nilisikia sauti za watoto, na Laoban akiwaambia wasogee, bado ipo nafasi. Milango ikafungwa, wakaenda.